Nilimvujishia Paa Nimpendaye

Nilikuwa nimelala chali chini ya trela ya mwanamume ninayempenda, nikikaza nati za springi ili safari ya kuniacha imwendee salama. Machozi yalikuwa yakitiririka kuelekea masikioni, na mikono yangu yote miwili ilikuwa na grisi, hata kujifuta nikashindwa. Nikayaacha yaende yanakotaka.

Viatu vyake vikaja vikasimama karibu na tairi. Viatu vya kahawia, kamba ya kushoto ina fundo katikati kwa sababu ilikatika na hajapata muda wa kununua nyingine.

"Bisibisi, umemaliza?"

Bisibisi ndiye mimi. Hapa gereji wameniita hivyo tangu nikiwa mtoto, eti ni mdogo wa umbo lakini nikishaingia mahali kunitoa ni kazi.

"Bado nati mbili," nikamjibu.

"Jana ulisema hivyo hivyo."

"Za jana zilikuwa za upande wa pili."

Zamani, yaani wiki tatu zilizopita, angecheka. Angeinama, angechungulia chini ya trela na kuniuliza kama nimehamia huko na kama kuna nafasi ya mpangaji. Leo hakuinama. Nikaviona viatu vikigeuka kidogo, kama mtu anayetafuta pa kuangalia.

"Meneja wa mradi amenipigia tena," akasema. "Nafasi yangu amempa mtu mwingine."

Spana ikanitoka mkononi ikaniangukia kifuani. Sikusikia hata maumivu.

"Amempa? Kabisa?"

"Anasema nikifika kesho kabla ya saa sita mchana, mimi na trela yangu, atanisikiliza. Kunisikiliza tu, Bisibisi. Kazi ya miaka mitatu, nimeitafuta tangu nitoke chuoni, leo nakwenda kuipigia magoti."

Msomaji wangu, ngoja nikueleze jinsi nilivyofika hapo chini ya trela, maana ukinihukumu bora unihukumu ukiwa unajua kila kitu.

Kazi yetu, mimi na Baba, ni kutengeneza trela za kulala, zile nyumba ndogo za magurudumu ambazo watu huzikokota nyuma ya gari wakaenda kupiga kambi. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi, sinki, kabati, basi. Watu hutuletea zilizochoka, sisi tunazirudishia uhai. Mimi ni wa umeme, mito na mapazia. Baba ni wa mbao, paa na chuma.

Huyu mwanamume ni mpima ardhi, na Baba anamwita Mpima. Alituletea trela yake mwanzo wa mvua. Alikuwa amepata kazi ya kupima barabara mpya huko porini, na masharti ya kazi ni kila mpimaji aende na pa kulala pake. Trela yenyewe ilikuwa kichekesho. Sakafu ilikuwa inalia ukiikanyaga, panya walikuwa wamekula nyaya. Alitaka sola juu ya paa, betri mpya, tangi kubwa la maji, na dirisha upande wa kitanda. Baba akaizunguka mara mbili akasema, "Wiki mbili."

Lile dirisha ndilo lililonimaliza. Lazima watu wawili walifunge, mmoja nje ameshikilia, mmoja ndani anakaza skrubu. Baba alikuwa juu ya paa, kwa hiyo Mpima akasema, "Nitashika mimi." Tukajikuta uso kwa uso, yeye kule, mimi huku, kati yetu kioo cha plastiki ambacho hakijatolewa hata karatasi yake. Karatasi ikachanika pembeni. Kwenye ule mchaniko nikaliona jicho lake moja, linanitazama mimi, si skrubu. Skrubu kumi na nane zile nilizikaza kwa muda ambao ningefunga madirisha matatu. 

Siku ya kumi na moja akaniambia, hana hili wala lile, "Ijumaa naondoka. Mmenifanyia kazi nzuri." Basi. Hakuongeza kitu. Mtu ananitazama vile kwenye dirisha, halafu ananiambia mmenifanyia kazi nzuri!

Sasa nikwambie nilichofanya.

Baba ana desturi yake. Paa likishazibwa, mimi hulimwagilia maji kwa mpira saa nzima. Yeye huingia ndani peke yake, hufunga mlango, huzima taa, na hupitisha kiganja cha mkono wa kulia kwenye dari yote, shubiri kwa shubiri. Akitoka husema neno moja, "Pakavu." Kisha huandika tarehe kwa penseli ndani ya kabati. Miaka thelathini na minane, hakuna trela iliyowahi kurudi kwa kuvuja.

Trela ya Mpima aliipima Jumatano. Pakavu. Alhamisi Baba alipokwenda kununua waya, nikapanda juu ya paa na kisu cha kukwangulia, nikaibandua silikoni, ile gundi ya kuzuia maji, pembeni mwa kofia ya hewa, kifuniko cha tundu la kupitishia hewa. Shubiri moja. Nilijisemea: inyeshe mvua moja, ubao ulowe kidogo, tuubadilishe, nipate wiki moja ya kumtazama. Wiki moja tu, msomaji wangu. Nilikuwa kama mtu anayeiba sukari kijiko kimoja.

Ikaanza kunyesha usiku ule ule, siku nne mfululizo. Maji hayakukaa nilipoyatuma. Yaliingia ukutani, yakashuka ndani kwa ndani hadi chini ya kitanda, plaiwudi ikavimba na kuachana, mbao za mbele zikawa laini. Ikabidi ukuta wote wa mbele ufumuliwe. Na mbao mpya hazikauki wakati wa mvua. Wiki yangu moja ikawa miezi mitatu.

Na katika miezi hiyo mitatu, Mungu anisamehe, nilipata kila nilichokitaka. Mpima alinipenda. Aliniambia kwa mdomo wake, tumekaa kwenye ngazi ya trela, ameshika mkono wangu wenye grisi na kukataa kuuachia. Akaja kwa Baba kunichumbia kwa heshima zote. Baba akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Simuozi binti yangu mtu asiye na anwani."

"Lakini Baba," nikamwambia, "sisi si ndio tunaotengeneza nyumba za watu wasio na anwani?"

"Daktari hutibu wagonjwa. Haozeshi binti yake ugonjwa."

Ndivyo tulivyofika asubuhi hii ya Jumamosi. Nikajivuta kutoka chini ya trela, nikakaa kwenye vumbi, nikamtazama. Alikuwa amekonda. Macho yale ya dirishani yalikuwa mekundu.

"Twende wote," akasema kwa sauti ya chini. "Nimemwomba baba yako mara tatu, sina ya nne. Sitaki kukutorosha, lakini nakwambia ukweli, nikiondoka leo bila wewe sijui nitarudije."

"Na kazi ukiikosa?"

"Nitapata nyingine." Akapiga ubavu wa trela kwa kiganja. "Sina chuki na baba yako, Bisibisi, Mungu shahidi. Lakini mkono umemwisha. Mtu akisema pakavu halafu nyumba nzima inaoza, huyo apumzike. Amenigharimu kazi ya maisha yangu."

  Nikaishika spana nikaifuta kwa nguvu, kama siku zote akimlaumu Baba.

Hapo ndipo tulipomsikia mtu akikohoa. Baba alikuwa amesimama nyuma ya trela na ndoo ya grisi, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia kila neno.

Mpima akashtuka. "Shikamoo, mzee. Sikujua..."

"Marahaba. Usiombe radhi, umesema kweli." Baba akaiweka ndoo chini taratibu. Kisha akaanza kufungua kamba za aproni yake. Aproni ile ya ngozi sijawahi kuiona ikivuliwa kabla ya saa kumi na moja jioni. Akashindwa kulifungua fundo, na dada yake, Shangazi anayekaa ofisini kupokea wateja, akatoka mbio akamsaidia.

"Kaka, unafanya nini?" Shangazi akauliza, na tayari analia.

"Nafunga gereji."

"Baba!" nikasema.

"Tulia, mama." Baba akiniita mama ujue moyo wake uko chini kabisa. Akaukunja ule mkono wa kulia, akaukunjua, akautazama. "Miezi mitatu nimekuwa nikijiuliza. Niliipitia ile dari yote. Niliona pakavu. Usiku nalala nikiipitia tena, nasema pakavu, pakavu, na asubuhi nayaona maji kwa macho yangu. Kwa hiyo kiganja kimekufa. Hakuna maelezo mengine. Leo naweza kumpa mtu trela inayovuja, kesho nitampa yenye gesi inayovuja, alale ndani na watoto wake. Siwezi."

Akamgeukia Mpima. Na Baba yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimwomba mteja msamaha hata wa kuchelewa, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nimekuharibia."

Mpima akainamisha kichwa. "Yameshapita, mzee. Umri ni umri."

Umri ni umri! Nilitaka kumziba mdomo. Nilitaka ardhi ipasuke inimeze, na trela inifuate juu.

Lakini Baba hakuwa amemaliza. Akanitazama, akamtazama Mpima, akashusha pumzi.

"Na huyu," akasema, "nilikunyima kwa kiburi. Nilijiona nina gereji ya kumwachia, nina ufundi wa kumwachia. Nitamwachia nini sasa? Mchukue. Mkafunge ndoa huko kwa heshima, dada yangu atawasindikiza. Nenda, mama. Nimeridhia."

Msomaji wangu, hayo ndiyo maneno niliyoyaombea miezi mitatu. Niliyaombea chini ya trela, niliyaombea nikishona mapazia, nikiosha vyombo. Na Baba anayatamka, amesimama na shati tupu, amepungua kama mtu aliyetoka kitandani kuugua.

Mpima alinishika mkono. Alikuwa ameshasahau meneja, ameshasahau kazi. "Bisibisi, umesikia?"

"Sema asante, wee mtoto," Shangazi akaninong'oneza, akinisukuma mgongoni. "Mlango umefunguliwa, ingia kabla haujafungwa."

Nilikuwa nahitaji kunyamaza tu. Hakuna aliyeniona juu ya paa. Hakuna ambaye angejua mpaka naingia kaburini. Ningepanda gari, ningekaa kando ya mume wangu, tungelala kwenye kitanda nilichokishonea mito mwenyewe. Na Baba angekaa nyumbani kwenye kiti, akikunja na kukunjua mkono ambao haukukosa lolote, mpaka siku zake ziishe.

Nikautoa mkono wangu kwenye mkono wa Mpima.

"Baba," nikasema, "vaa aproni."

"Mama, nimeshasema."

"Vaa, Baba. Paa hukulikosea wewe. Nililitoboa mimi."

Shangazi akaguna, "Huyu kachanganyikiwa." Mpima akacheka kidogo, cheko la mtu ambaye hajaelewa. Baba peke yake hakuguna wala kucheka. Akasogea karibu, akaniuliza kwa sauti ya kazi, kama anavyouliza kila siku.

"Ulitoboa nini?"

"Nilibandua silikoni. Pembeni mwa kofia ya hewa, upande wa kitanda."

"Kiasi gani?"

"Shubiri moja."

"Kwa kitu gani?"

"Kisu chako cha kukwangulia."

"Kabla sijapima kwa maji au baada?"

"Baada, Baba. Kesho yake. Ulikwenda kununua waya."

 Nikaona midomo yake ikihesabu, Jumatano, Alhamisi. "Kwa hiyo nilipopima..."

"Palikuwa pakavu, Baba. Pakavu kabisa. Mkono wako haukukosea."

Baba akarudi nyuma hatua mbili, akakaa juu ya tairi la akiba, akakiweka kile kiganja usoni pake, akalia. Analia kwa sauti, mzee mzima, na Shangazi anamshika mabega hajui amfariji au ampongeze. Mimi sikwenda kwake. Nilijua zamu iliyobaki ni ya nani.

Mpima alikuwa amesimama pale pale nilipomwachia mkono. Mkono wenyewe ulikuwa bado umekaa wazi hewani.

"Kwa nini?" akauliza.

"Ulisema Ijumaa unaondoka. Hukusema kingine. Nilitaka wiki moja."

"Ungeniambia."

"Niliogopa."

"Ungeniambia, Bisibisi! Neno moja! Ningekaa wiki, ningekaa mbili, ningempigia meneja nikamwambia nimepata mchumba!" Sauti ikampasuka. "Siku niliyofumua ule ukuta, nikakuta mbao zimeoza, nilikaa sakafuni nikalia. Nani alikuwa ananishikia tochi?"

"Mimi."

"Ukaniambia nini?"

 Siku ile nilimwambia, pole, mpenzi. Alikumbuka, nami nilikumbuka.

"Miezi mitatu namlaumu mzee wa watu," akasema. "Leo nimemwambia umri ni umri. Umenisimamisha mbele ya baba yako nimtukane kwa kosa lako, na wewe umesimama unanisikiliza."

"Nisamehe."

"Sasa hivi ulikuwa na mume. Ulikuwa na baraka. Kwa nini hukunyamaza?" Na hilo, wallahi, aliliuliza kama mtu anayenisihi, kama vile ingekuwa afadhali kwake nimdanganye mpaka uzeeni.

"Nisingeweza kulala kando yako."

Akageuka, akapiga teke tairi la trela, teke la mtu asiyejua kupiga teke, akajiumiza. Siku nyingine tungecheka wote wawili mpaka tukae chini.

Baba akainuka. Alikuwa ameivaa aproni, kamba bado zinaning'inia. "Mwanangu," akamwambia Mpima, "nipe namba ya huyo meneja. Nitampigia mwenyewe sasa hivi, nimwambie wewe huna kosa, gereji ndiyo iliyokuchelewesha. Nitamwambia kwa jina langu."

"Asante, mzee. Na mimi nisamehe kwa niliyoyasema."

"Yameisha. Na lile la binti yangu..."

"Mzee, nakuomba," Mpima akamkatiza kwa adabu. "Hilo tusiliguse."

Kisha akaniambia, bila kunitazama, "Niunganishie taa, niondoke."

Trela ikishafungwa nyuma ya gari, kazi ya mwisho ni taa. Unachomeka soketi, dereva anakaa kwenye usukani akibonyeza, na wewe unasimama nyuma unamwambia kilichowaka. Nikachomeka. Mikono ilijua njia yake bila mimi. Nikaenda kusimama nyuma, nikaifuta pua kwa mkono wa shati.

"Breki," akaita toka ndani ya gari.

"Zinawaka."

"Kushoto."

"Inawaka."

"Kulia."

"Inawaka. Zote zinawaka."

 Nilikuwa nangoja angurumishe gari. Badala yake nikasikia mlango unafunguliwa.

"Mzee," akamwambia Baba, "samahani, hebu nikalie kwenye usukani unibonyezee."

Akaja nyuma, akasimama kando yangu, ukubwa wa kiganja kati ya bega lake na langu. Akaita mwenyewe. Breki. Kushoto. Kulia. Akazitazama taa moja moja kwa macho yake mwenyewe, nyekundu, njano, njano, zote zinawaka kama nilivyosema. Sikuwahi kupigwa kofi maishani mwangu, lakini nadhani ndivyo linavyouma.

"Zinawaka," akasema.

"Ndiyo."

Hakuondoka mara moja. Alibaki amesimama, anapumua, na mimi nanusa sabuni ile ile ninayoijua. Nikajitahidi kusema nitakungoja, mwaka, miaka mitatu, nikaanza, "Mimi nitakuwa..."

"Usiniambie kitu, Bisibisi." Akafumba macho. "Nikikusikia sasa hivi sitajua kama nikuamini. Usiniambie kitu leo."

Akampa Baba mkono kwa mikono yake miwili. Akamuaga Shangazi. Gari likawaka, trela ikajivuta taratibu juu ya changarawe, na lile dirisha la upande wa kitanda likapita mbele ya uso wangu, karibu kabisa, na pazia langu limefungwa.

Baba akaja akasimama nyuma yangu. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Nifungie kamba, mama," akanigeuzia mgongo, nikamfunga aproni mafundo mawili.

Nilipoinua macho, Mpima alikuwa amefika getini. Akasimamisha gari. Moyo ukasimama nao. Halafu indiketa ikaanza kuwaka, upande wa barabara ya kwenda porini, ikizimika na kuwaka, njano safi, haina kasoro.

"Kushoto," nikasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyeniuliza.